Watoto watano wa Harlem, wimbo mmoja, na majina yaliyofutwa kwenye lebo

Santuri_Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Juzi kwenye uzi wa miziki ya zamani kuna mtu aliandika kwamba Frankie Lymon, yule mwimbaji mtoto wa kundi la doo-wop la Teenagers, Marekani ya miaka ya 1950, "alitoka tu" akiwa na miaka 13, kama uyoga baada ya mvua. Nikasema hili silipitishi. Kaeni vizuri, nitashusha kidogo kidogo maana naandika kwa simu na umeme wa huku mnaujua.

Tuanze na mahali. Hawa ni watoto wa New York, Manhattan ya juu, pale Harlem inapopakana na Washington Heights. Shule yao iliitwa Edward W. Stitt, mtaa wa 164. Mwanzo walikuwa wawili: Sherman Garnes, mrefu kama mlingoti, sauti ya besi, na Jimmy Merchant, tenor. Wakajiita Earth Angels. Baadaye wakawachukua wengine wawili wa mtaani, Joe Negroni, baritoni, na Herman Santiago, ambaye ndiye aliyekuwa akiimba mbele. Kundi likabadilishwa jina, likawa Coupe De Villes, jina la gari la Cadillac ambalo hakuna hata mmoja wao angeweza kununua tairi lake.

Garnes na Merchant ni weusi. Negroni na Santiago ni wa asili ya Puerto Rico. Shikeni hapo, tutaparudia.

Frankie bado hayupo. Frankie mwaka 1954 ni mtoto wa miaka 12, anasoma shule hiyohiyo. Baba dereva wa lori, mama anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Wazazi wote wawili waliimba injili kwenye kundi la Harlemaires, na watoto wao walikuwa na kikundi chao kidogo, Harlemaire Juniors. Kwa hiyo alipofika kwenye onyesho la vipaji la shule akawasikia Coupe De Villes, tayari alikuwa na masikio ya mtu mzima. Akafanya urafiki na Santiago. Akaingia.

Naenda kupata chai, narudi.

Kibaraza

Siti ya mbele, karanga mkononi. Ila mkuu usije ukatuacha njia panda kama ule uzi wa rumba, mpaka leo nasubiri sehemu ya tatu.

MwanaUkweli_88

Wazungu wana wanahistoria wao, sisi tunahangaika na ya Harlem ya nini? Halafu doo-wop ndiyo nini? Hata jina lenyewe kama mtoto anajifunza kuongea.

Besi_wa_Pili

@MwanaUkweli_88 Hao siyo wazungu, soma vizuri. Kuhusu jina umebahatisha, ndivyo lilivyopatikana. Ni zile silabi zisizo na maana ambazo waimbaji wa nyuma wanazitoa badala ya vyombo. Wenyewe enzi zile hawakuiita hivyo, walikuwa wanasema tu makundi ya sauti. Jina lilishika baadaye, miaka ya 1960 mwanzoni, muziki wenyewe ukiwa umeanza kupita.

Mimi naimba kwaya mwaka wa kumi na tatu sasa, ngoja niwaeleze kwa lugha ya kwaya. Chukua sauti nne tunazozijua. Ya nne, besi, yeye ndiye ngoma na gitaa la besi. Ya tatu na ya pili wanashika mto katikati, "uuu" na "aaa", hawana maneno. Anayeongoza anaimba hadithi. Juu kabisa kuna mmoja anayepaa na sauti ya kike ya kuigiza. Vyombo hakuna, au vipo vichache vya kusindikiza.

Na kwa wanaosoma tonik solfa: nyimbo nyingi sana za hivi zinazunguka do, la ile ya huzuni, fa, so, halafu unarudi do. Basi. Ukishika mzunguko huo unaweza kuimba nusu ya nyimbo za miaka ile usiku kucha bila kubadilisha kitu zaidi ya maneno. Mwalimu wetu wa kwaya anaudharau, anasema ni muziki wa wavivu. Lakini mwambie ashike besi ya vile dakika tatu bila kuteleza, na bila kinanda cha kumrudisha kwenye ufunguo, uone jasho.

Santuri_Kuukuu

@Besi_wa_Pili umenipunguzia kazi, ubarikiwe.

Naendelea. Mnauliza walifanyia wapi mazoezi. Studio hawakuwa nayo, kinanda hawakuwa nacho. Walikuwa na ngazi. Majengo ya ghorofa ya Harlem yana ngazi za mawe na kuta zilizosakafiwa vizuri, sauti ikipiga inarudi mara mbili. Makundi yote ya mtaa yalijua siri hiyo. Vyoo vya shule vyenye vigae, vichochoro vya treni ya chini ya ardhi, kumbi za kuingilia majengo. Ukitaka kujua kwa nini rekodi zile zina mwangwi ule, sehemu ya jibu ni kwamba masikio ya wale vijana yalilelewa ngazini, na kwa masikio hayo sauti kavu ilikuwa sauti mbovu.

Sasa hapa kuna hadithi tamu. Katika jengo walilokuwa wakifanyia mazoezi kulikuwa na mpangaji aliyechoka. Kila jioni nyimbo zilezile za watu wengine, zilezile. Siku moja akawatolea barua za mapenzi alizoandikiwa na mchumba wake akawaambia, jamani chukueni hizi, tungeni chenu. Ndani ya moja kulikuwa na mstari unaouliza kwa nini ndege huimba kwa furaha. Santiago na Merchant wakaufanyia kazi mstari ule ukawa wimbo. Huo wimbo ndio uliokuja kuitwa *Why Do Fools Fall in Love*, yaani kwa nini mazuzu hupenda.

Nimeandika Santiago na Merchant kwa makusudi. Kumbukeni majina hayo mawili.

Kibaraza

Yaani wimbo umetoka kwenye barua za mchumba wa jirani? Huyo dada alilipwa nini?

Santuri_Kuukuu

Hakulipwa hata senti. Na yeye ni wa kwanza tu kwenye foleni.

Mwaka 1955 walikuwa wameshabadilisha jina tena na tena. Ermines, halafu Premiers. Richard Barrett, mwimbaji wa kundi la Valentines, akawasikia mtaani kwao. Huyu Barrett alikuwa na jicho, na alikuwa akifanya kazi na bwana mmoja anaitwa George Goldner.

Goldner nampa aya yake kwa sababu bila yeye hatuna uzi. Ni mzungu wa New York aliyependa mambo, ile dansi ya Kikuba, hadi akafungua lebo ya muziki wa Kilatini, Tico, mwaka 1948. Kisha akafungua Rama kwa ajili ya makundi ya weusi. Kundi lake la Crows likatoa wimbo unaoitwa *Gee*, ukapasua mwaka 1954, naye akafungua lebo nyingine akaipa jina la wimbo huo. Alikuwa na sikio la ajabu la kujua nini msichana wa miaka 15 atanunua. Pia alikuwa na ugonjwa mmoja: farasi. Alicheza kamari ya mbio za farasi kama vile pesa inamuwasha mfukoni.

Siku ya majaribio mbele ya Goldner, hadithi iliyozoeleka ni kwamba Santiago koo lilikuwa bovu, mafua. Frankie akasema mimi naujua. Akaimba yeye.

Mwisho wa 1955 wakaingia studio. Mpiga saksafoni Jimmy Wright akiongoza bendi ya kusindikiza, na ndiye anayetajwa kwamba aliwaambia nyie ni vijana, jiiteni Teenagers. Januari 1956 santuri ikatoka Gee Records.

Sikilizeni sekunde za mwanzo, niwaombe, kabla hamjarudi kubishana. Garnes anaanza peke yake na besi, hakuna kingine, kama mtu anagonga mlango kwa kidole gumba. Halafu wengine wanaingia juu yake. Ndipo Frankie anapasua, sauti ya mtoto isiyo na woga hata chembe. Katikati saksafoni ya Wright inakuja kwa fujo, inatoka, na mwisho wanashuka wote pamoja. Dakika mbili na kitu. Kila mmoja unamsikia alipo.

Dada_Zuhura

Mimi nilimjua Frankie kupitia ile filamu ya 1998 yenye jina la wimbo, Larenz Tate akicheza kama yeye na Halle Berry kama Zola Taylor. Kwenye filamu wenzake ni kama mapambo ya jukwaa. Leo ndiyo najua kuna mtu anaitwa Sherman Garnes. Dah.

Mpare_Ughaibuni

Niko Bronx mwaka wa tisa, kazini napita Washington Heights kila siku. Mitaa ya 160 na kitu sasa hivi imejaa Wadominika, bachata inalia madirishani. Lakini majengo ni yaleyale ya ghorofa tano sita, na ngazi ni zilezile za mawe. Nilishawahi kupeleka mzigo jengo moja la huko, lifti mbovu, nikapanda nikipiga mluzi. Nilipofika ghorofa ya nne mluzi wangu ulikuwa umekuwa watu watatu. Kwa hiyo anachosema mwanzisha uzi kuhusu mwangwi nakithibitisha kwa miguu yangu.

MwanaUkweli_88

Sawa, nimesikiliza. Nakubali ni mkali. Lakini hoja yangu iko palepale: bila Frankie hakuna kitu. Hao wengine wangebaki ngazini mpaka wazeeke. Besi ni besi, unampata popote.

Besi_wa_Pili

Besi unampata popote 😂😂 Mkuu wewe hujawahi kutafuta besi. Kwaya yetu tulikaa miezi saba bila.

Santuri_Kuukuu

@MwanaUkweli_88 hoja yako ndiyo hasa Goldner aliyoiamini, na ndiyo iliyowaua. Nakuja huko, lakini kwanza nionyeshe walipanda kiasi gani.

Wimbo ulishika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues ya jarida la Billboard ukakaa wiki 5. Kwenye chati ya jumla ya Marekani ukafika namba 6. Uingereza, Julai 1956, ukapanda hadi namba moja ukakaa wiki 3. Fikirieni: watoto wa shule, watatu weusi na wawili wa Puerto Rico, wako juu ya Uingereza nzima, na nyumbani kwao kuna majimbo ambako wasingeruhusiwa kula meza moja na mteja mzungu. Zikafuata *I Want You to Be My Girl*, *The ABC's of Love*, *I Promise to Remember*. Wakaonekana kwenye filamu ya *Rock, Rock, Rock* wakiimba kwamba wao siyo watoto wahuni. Fulana nyeupe za sufi zenye herufi T kubwa kifuani, nadhifu kama wanakwenda kupokea kipaimara.

Na yote hayo ni ndani ya miezi kama kumi na minane tu.

Jina nalo mlitazame. Santuri ya kwanza iliandikwa The Teenagers, akishirikishwa Frankie Lymon. Zilizofuata zikawa Frankie Lymon and the Teenagers. Mtu aliyekuwa mgeni kwenye kundi akawa mwenye nyumba. Wenzake wakawa wapangaji.

Mwaka 1957 wakaenda Uingereza, wakapiga London Palladium, ukumbi ambao wasanii wakubwa waliota kuufikia. Safari hiyohiyo ndiyo Goldner akaanza kumtenga Frankie, kumrekodi peke yake, kumtembeza peke yake. *Goody Goody* ikatoka mwaka huo, ikafika namba 20 Marekani. Sauti za nyuma mle ndani siyo za kina Garnes, ni waimbaji wa kukodi wa studio. Sikilizeni *Why Do Fools* kisha hii, mfululizo. Hiyo ya pili ni safi, imenyooka, na imepoa kama ugali wa jana.

Baada ya hapo Frankie peke yake hakupata tena wimbo mkubwa. Teenagers bila Frankie, wakamweka mwimbaji mwingine mbele, nao chali. Pande zote mbili.

MwanaUkweli_88

Hapo unatupiga changa la macho. Alikuwa na miaka 15. Sauti ilikuwa inaanza kukwaruza, anabalehe. Hata kama wangebaki pamoja ile sauti isingerudi. Usimlaumu Goldner kwa kazi ya Mungu.

Santuri_Kuukuu

Hiyo nakupa, ni hoja nzito na sina pa kuikwepea. Sauti ya mtoto ina tarehe ya mwisho. Lakini kundi lina njia ya kuvuka pale. Santiago alikuwepo, alikuwa akiongoza kabla. Ungeweza kumpumzisha dogo mwaka mmoja, ukampa tenor ya pili, akarudi na sauti ya kiume. Mtu aliye peke yake hana pa kujificha sauti ikivunjika.

Mpare_Ughaibuni

Ongezeni na ile ya televisheni. Julai 1957 mtangazaji Alan Freed alikuwa na kipindi cha The Big Beat, televisheni ya ABC. Frankie akaonekana akicheza muziki na binti wa kizungu. Vituo vya kusini vikawaka, kipindi kikafutwa. Mtoto wa miaka 14 anacheza dansi, kipindi cha nchi nzima kinafungwa.

Dada_Zuhura

Subhanallah.

Na hizi habari za unga zilianzia wapi?

Santuri_Kuukuu

Mapema mno. Heroini ilikuwa imejaa Harlem miaka ile na yeye alikuwa anaishi maisha ya watu wazima tangu hajaota ndevu. Kufikia 1961 hana tena mkataba na lebo, akapelekwa kutibiwa uteja. Akaingia jeshini, kambi ya Georgia, akatoka vibaya. Hukohuko Georgia alimwoa mwalimu wa shule, Emira Eagle, mwaka 1967. Mapema 1968 akarudi New York, kulikuwa na mpango wa kurekodi tena. Tarehe 27 Februari 1968 alikutwa amekufa bafuni kwa bibi yake, Harlem, sindano ya heroini. Miaka 25. Kaburi lake huko Bronx lilikaa miaka na miaka bila jiwe.

Sitaki kukaa sana hapo, watu wengi wanapenda sehemu hiyo tu. Twende kwenye pesa, maana pesa ndiyo inaeleza nani alipanda na nani alikuwa ngazi.

Marekani, kwa sheria ya 1909, kila santuri iliyouzwa ilikuwa na senti 2 za wimbo wenyewe, siyo za mwimbaji. Kiwango hicho kilikaa hivyohivyo hadi 1978. Senti hizo zinakwenda kwa mchapishaji na mtunzi. Na redio za kawaida za hewani za Marekani zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi na mchapishaji tu. Mwimbaji wa kwenye santuri, redio haimlipi kitu, hadi leo. Kwa hiyo katika zile herufi ndogo chini ya jina la wimbo, kwenye mabano, ndimo shamba lilimo. Sauti ni jembe tu.

Santuri za mwanzo kabisa za *Why Do Fools* ziliandikwa Lymon, Santiago na Merchant. Kisha kwenye usajili wa hatimiliki yakabaki majina mawili: Frankie Lymon na George Goldner. Santiago na Merchant wamefutwa. Goldner, ambaye hakutunga hata nukta, ameingia.

Halafu farasi wakamla Goldner. Mwaka 1957 akamuuzia lebo zake Morris Levy, mmiliki wa lebo ya Roulette, mtu aliyejulikana jijini kwa urafiki na mafia. Miaka ya 1960 jina la Goldner kama mtunzi nalo likafutwa, likawekwa la Levy. Wimbo uliotoka ngazini kwa barua za mchumba wa jirani, mtunzi wake sasa ni Morris Levy.

Kibaraza

Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani mwizi kamuibia mwizi?

Besi_wa_Pili

Hii imenigusa. Kwaya yetu tuliwahi kurekodi albamu kwa mwenye studio mmoja, tukapewa soda na nauli, na kanda tulikutana nazo zinauzwa stendi zikiwa na jina la "mtunzi" tusiyemjua. Mtunzi mwenyewe, mama wa sauti ya kwanza, alikuwa amesimama pale stendi anazitazama.

Bushiri_wa_Pangani

Hapa tusisahau wimbo wa *Mbube*. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi na kundi lake Johannesburg mwaka 1939, kampuni ya Gallo wakamalizana naye kwa shilingi 10. Mwaka 1961 kundi la doo-wop la Brooklyn, Tokens, wakauimba kama *The Lion Sleeps Tonight*, namba moja Marekani. Linda akafa mwaka uliofuata hana kitu. Familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Ukitaka kusikia doo-wop na isicathamiya, uimbaji wa Kizulu usio na vyombo, vinashikana mkono wapi, sikiliza hizo mbili. Besi chini, mmoja anapaa juu.

Kibaraza

Na Malaika je? Tuseme ukweli mtunzi ni

Santuri_Kuukuu

@Kibaraza hapana. Hapana. Malaika usiilete hapa, uzi utafika kurasa arobaini na watu watatukanana kwa makabila. Fungua wako.

Kibaraza

😂😂 Nimekoma.

Wakili_Kivuli

Nimekuwa nikisoma kimyakimya. Ngoja niseme la kesi kwa sababu inafundishwa.

Kulikuwa na mashauri mawili, msiyachanganye. La kwanza ni la wajane. Mwaka 1981 Diana Ross aliurudia wimbo, ukawa mkubwa tena, na mrabaha ukaanza kumiminika. Wakajitokeza wanawake watatu, kila mmoja akisema ni mjane halali: Elizabeth Waters, Zola Taylor wa kundi la Platters, na Emira Eagle. Mahakama ya kwanza ikampa Waters. Tatizo, alipofunga ndoa na Lymon alikuwa bado ana ndoa ya mume mwingine. Rufaa, mwaka 1990, ikampa Emira Eagle.

La pili ndilo linalouma. Mwaka 1987 Santiago na Merchant wakafungua kesi dhidi ya Levy wakisema sisi ndio watunzi. Mwaka 1992 juri, lile jopo la raia wanaoamua kesi, ikawakubalia: naam, nyie mlitunga pamoja na Lymon. Miaka 36 baada ya santuri kutoka. Levy alikuwa ameshafariki mwaka 1990, akiwa na hukumu ya jinai ya kula njama ya kunyang'anya kwa vitisho, hajatumikia hata siku moja.

Wakakata rufaa wa upande wa pili. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikafuta ushindi wote. Haikusema kwamba hawakutunga. Ilisema wamechelewa. Sheria ya hatimiliki kule inakupa miaka 3 tangu ulipojua haki yako imevunjwa. Kiswahili cha mahakamani tunaita ukomo wa muda. Walijua tangu utotoni kwamba majina yao hayapo, walipaswa kushtaki tangu zamani. Wao walieleza kwamba walimwogopa Levy. Haikusaidia.

MwanaUkweli_88

Kwa hiyo juri imesema ni watunzi, na kisheria siyo watunzi?

Wakili_Kivuli

Ndiyo hivyo. Ukweli umethibitishwa, dai limekufa. Hadi leo ukitazama orodha za watunzi utakuta Lymon na Levy.

MwanaUkweli_88

Nimeanza uzi huu nikicheka. Sasa hivi nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, wote wamekufa.

Santuri_Kuukuu

Garnes alifariki 1977, Negroni 1978, kesi haijafunguliwa hata. Mwaka 1993 kundi likaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, na safari hii majina yote matano yakasomwa.

Mtu ameniuliza pembeni nini kilibaki. Sikilizeni Jackson 5 ya mwanzo, mtoto mbele anapasua, kaka zake nyuma wanashika mto. Sikilizeni kundi la Ronettes, mwimbaji wao Ronnie anavyovuta silabi. Hakuna haja ya mimi kusema zaidi.

Sehemu ya Orioles wa Baltimore na mtindo wa makundi kujiita majina ya ndege nitaileta wikendi kama watoto wataniachia simu.

Kibaraza

Wikendi ipi mkuu, andika tarehe. Rumba bado nakudai.

Besi_wa_Pili

Wakuu naleta mrejesho. Jana jioni umeme ulikatika, jengo zima kimya. Tulikuwa watatu wa kwaya tumetoka mazoezini, tukasimama ngazini kwangu kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nikaanza besi ile ya Garnes, taratibu, wenzangu wakaingia. Aisee ile sauti ilivyorudi kutoka juu, nywele zilinisimama. Tukazunguka do, la, fa, so mara nne hivi.

Mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka, mama mmoja akachungulia na tochi ya simu, akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Nyumba gani imefiwa?"

Tukamwambia hakuna. Akasimama kidogo. Akasema basi endeleeni, ila huyo wa katikati anashuka.